Nyumba ya Majira ya Baridi

Kila mwaka, Mei ilipoingia, Sorcha na mumewe Fiachra walifungasha virago vyao na kuhama nyumba ya Gobnait ili wageni wa kiangazi waingie. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo. Kuanzia Septemba nyumba ilikuwa yao. Kiangazi kikifika, ilikuwa ya watu wa Dublin na Wajerumani, waliolipa vizuri zaidi kuliko Fiachra, dereva wa gari la maziwa. Pale kijijini, kwenye ncha ya rasi magharibi mwa Ireland, hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya nyumba za pwani zilikuwa za wageni: Julai taa tupu, Januari giza.

Gobnait alikuwa mjane mwenye duka, na hakujihesabu miongoni mwa watu wabaya. Nyumba yenyewe aliirithi kwa shangazi yake, marehemu Nóirín, na Sorcha ndiye aliyemuuguza bibi huyo mpaka pumzi ya mwisho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Mwaka huo, siku ya kurudisha funguo, Gobnait alimuuliza, "Na safari hii, mmepata pa kwenda?"

"Tumepata, tumepata," Sorcha alijibu upesi. "Wewe usiwe na wasiwasi."

Gobnait hakuuliza ni wapi. Aliogopa kujibiwa.

Asubuhi moja ya Juni alipeleka mikate kwenye kibanda cha chai kule ufukweni. Aliposhuka kwenye gari lake akamwona Muirne, binti mdogo wa Sorcha, amesimama kwenye bomba la nje la choo cha umma, yumo ndani ya sare ya shule, anapiga mswaki. Nyuma ya ua wa uwanja wa mpira lilisimama trela kuukuu la kulala, la aina ile ambayo watalii huivuta nyuma ya magari yao, ubavu wake umeota ukungu wa kijani. Kwenye kidirisha ilining'inia kanzu ya bluu ya kazini ya Sorcha.

Mtoto akainua kichwa. Gobnait akachutama nyuma ya gari, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu alivyovaa siku hiyo havikuwa na kamba. Alikaa hivyo, magoti yakimuuma, mpaka aliposikia mlango wa trela ukifungwa. Akarudi dukani na mikate yote.

Alijiambia atakwenda kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Sorcha alipoingia dukani kununua mtungi mdogo wa gesi, Gobnait alimwongezea nyanya kwenye mfuko bila kusema kitu, kisha akajichukia kwa zile nyanya.

"Wageni wako wazuri mwaka huu?" Sorcha aliuliza.

"Wazuri tu," alisema Gobnait, akiangalia mizani.

Mwisho wa mwezi uliitishwa mkutano katika ukumbi wa parokia. Shule ilikuwa karibu kupoteza mwalimu wake wa pili, maana watoto walizidi kupungua. Watu walilaumu, wakalaumiana, wakakohoa. Gobnait, aliyezoea kusikilizwa, akasimama.

"Serikali imetutupa!" alisema. "Vijana wetu wanataka kukaa hapa, lakini watakaa wapi? Kiwanja ukipata, kibali cha kujenga hupati. Nyumba ya kupanga ndiyo kabisa, haipo. Tunakufa huku tunajiona!"

Makofi yakapigwa. Kisha Dónall, mfugaji wa kondoo, akasema kutoka nyuma bila hata kusimama, "Mama, maneno mazuri sana hayo. Lakini zile nyumba zenye visanduku vya funguo ukutani, wageni wa kiangazi wajichukulie wenyewe, nazo ni za serikali?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ndipo Sorcha aliposimama, bado amevaa ile kanzu ya bluu.

"Dónall, hebu mwache Gobnait wa watu," alisema. "Bila yeye sisi tungekuwa tumeshahama zamani. Kila baridi ametuhifadhi. Ametutendea wema."

Kicheko kikakatika. Gobnait alitamani ardhi ipasuke immeze. Kukejeliwa na Dónall angeweza kuvumilia. Kutetewa na Sorcha kulimvua nguo mbele ya watu.

Kulipokucha, wageni wa Juni wakiwa wameshaondoka, aliwapigia simu wageni wote waliokuwa wamechukua nafasi Julai na Agosti, akawaambia nyumba haipo tena. Akasikiliza matusi ya mmoja mpaka akamaliza. Kisha akachukua funguo na kwenda uwanjani kwa miguu.

Sorcha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya trela, anamenya viazi.

"Rudini nyumbani," Gobnait alisema, akinyoosha mkono wenye funguo. "Leo hii. Na Mei hakuna kutoka tena. Mkae moja kwa moja."

Sorcha aliziangalia funguo, hakuzipokea. "Fiachra amepata kazi bara, mjini. Na nyumba tumepata. Tunahama Agosti."

"Sorcha, jamani! Laiti ningejua..."

"Ulijua, Gobnait." Sauti yake haikupanda. "Muirne alikuona. Alikuja ndani anacheka, akaniuliza, mama, mbona Gobnait amejificha, anacheza? Nikamwambia ndiyo, anacheza na wewe."

Gobnait alisikia uso unamwaka mpaka masikioni. Hata hivyo akauliza, "Na bado jana ukanitetea?"

"Sikukutetea wewe peke yako. Wangeendelea kucheka, mtu angeuliza, haya, na ninyi sasa hivi mnakaa wapi? Ningewajibu nini? Na mimi nina uso, Gobnait."

Gobnait alitaka kuomba radhi, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa la kujisafisha. Mwisho akasema tu, "Njooni mkae mpaka Agosti, basi. Watoto waoge maji ya moto."

Sorcha alimaliza kiazi alichokishika. "Kwa ajili ya watoto, sawa," alisema.

Wakahamia. Agosti wakaondoka, na shule ikapoteza mwalimu wake wa pili.

Nyumba ile Gobnait aliwapangisha fundi wa matrekta na mkewe mjamzito, mwaka mzima, kwa kodi wanayoiweza. Siku moja Dónall alikuja dukani kununua sigara, akamsifu mbele ya wateja. "Kwa kweli, mama, nilikukosea siku ile. Kumbe una moyo!"

"Hukunikosea," Gobnait alisema. Wateja walikuwa wanamtazama. "Kaa nikwambie Sorcha na watoto wake walikuwa wanaishi wapi mwezi wa Juni, na mimi nilifanya nini nilipowaona."