Maneno Arobaini ya Emelyne

Jumanne moja ya mwaka 1994 Immaculata alifunga mtoto wake wa siku tatu, Emelyne, mgongoni, akachukua kibali cha kutoka nje ya makazi ya wakimbizi ya Mishamo, akaenda moja kwa moja kwa Suzana, mama yake Kashinje. Ng'ombe wa Suzana walikuwa wamemaliza mahindi ya Immaculata. Hayo mahindi yalikuwa chakula cha watoto wake wanne kwa mwaka mzima.

Wanawake hawa walibadilishana maharage na mtindi kwa miaka sita. Mmoja Mrundi, mwingine Msukuma, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Basi walijiundia maneno arobaini hivi, mengine ya huku, mengine ya kule. Yalitosha biashara. Ugomvi hayakuuweza.

"Ng'ombe yako kula mahindi yangu," alisema Immaculata. "Yote!"

"Mimi hapana ona."

"Macho yako wapi? Ndani ya mtindi?"

"Wewe leta matusi, mimi leta fimbo."

Hapo Emelyne, mgongoni, akakohoa na kuanza kusema. Alitumia maneno yaleyale arobaini, ila aliyafunga pamoja, yakaweza kusema la zamani, la kesho, na hata lile ambalo lingetokea.

"Mama Kashinje angefunga zizi, ng'ombe wasingetoka," alisema. "Lakini mwanawe alishikwa na homa, hakukusudia. Mahindi yaliyoliwa hayarudi. Alete magunia matano ya mtama, na maziwa kila asubuhi mpaka tutakapovuna tena."

Suzana alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mdomo iko," alisema. "Sawa. Mimi leta."

"Usijinyooshe, utadondoka," Immaculata alimwambia mtoto, akakaza kanga.

Mtama ulifika Jumamosi. Kufikia mwezi uliofuata, watoto wote wa mpakani mwa makazi, wa Kirundi na wa Kisukuma, walisema kama Emelyne, na wakubwa waliwaita kila palipotokea kesi ya ng'ombe. Nyumba zile zilitulia.

Kisha afisa alikuja kuandikisha waliozaliwa. Emelyne alimweleza kwamba yeye kwao ni hapa, alizaliwa hapa, na hajawahi kuikimbia nchi yoyote.

"Nimekuelewa vizuri," alisema afisa, akampongeza mama kwa mtoto mwerevu. Halafu akaandika: mkimbizi. Akauliza kama mtoto atatia sahihi au dole gumba.

Emelyne alichagua dole gumba. Kalamu ilikuwa bado nzito mkononi.