Darasa la Walimu Wawili

Wanafunzi wa chuo cha wachungaji walimwita Kitenzi. Alijua wanamwita hivyo, wala hakuchukia. Jina lilimganda kwa sababu ya swali lake. Mwanafunzi akisimama kueleza kifungu cha Maandiko, hata kama anaeleza kwa machozi, Kitenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Sawa. Na kitenzi kiko wapi?" Alikuwa amefundisha lugha za kale na ufafanuzi wa Maandiko tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na darasani kwake palikuwa na sauti moja tu, yake.

Kwa hiyo mkuu wa chuo alipomwita ofisini na kumwambia kuwa muhula huu somo lake litaunganishwa na somo la huduma ya kichungaji, na kwamba yeye na mwalimu wa somo hilo watasimama pamoja mbele ya wanafunzi walewale, saa ileile, Kitenzi alidhani amesikia vibaya. Mkuu akarudia. Makanisa yalikuwa yanalalamika, alisema. Vijana wanaotoka chuoni wanahubiri vizuri, lakini wakiitwa kwenye nyumba yenye ugomvi au msiba wanababaika kama wageni walioingia mlango usio wao. Kitenzi akajibu kwa adabu kwamba yeye si mtu wa kwaya, amezoea kuimba peke yake. Mkuu alicheka sana, ila ratiba hakuibadilisha.

Mwenzake huyo alikuwa mchungaji mwanamke aliyehudumia wagonjwa hospitalini kwa miaka mingi kabla ya kuja chuoni, na watu wote walimwita Mchungaji, basi. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na alifundisha huku akizunguka katikati ya madawati kama anayetafuta kitu alichoangusha.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda mrama. Mchungaji alikuwa anaeleza namna ya kukaa na mgonjwa aliyekata tamaa, Kitenzi akamkatiza kusahihisha neno moja, na neno hilo likala nusu ya kipindi. Zamu ya Kitenzi ilipofika, akiwa amezama kwenye nyakati za vitenzi vya kale, Mchungaji naye akauliza mbele ya wote hayo yatamfaa nini mama aliyefiwa na mwanawe. Wanafunzi walifurahi kama watu waliolipia kiti uwanjani, vichwa vinakwenda huku na huku. Wiki iliyofuata Kitenzi alijitoa. Alikaa nyuma kabisa akisahihisha mitihani, akawa anaguna tu pale uzalendo unapomshinda.

Nyumbani mkewe hakumwonea huruma. Watu walimwita Mama Pacha, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alimwambia mumewe kwamba yeye amegawana darasa na wenzake maisha yake yote, na mpaka leo yuko hai na anakula vizuri. Kimya kilikuwa kingi mezani siku hizo. Wa pili kati ya pacha wao, yule ambaye baba alitaraji afuate nyayo zake, alikuwa ameacha chuo na kujiunga na bendi inayopiga kwenye harusi. Siku aliyowaambia, baba mtu alisema maneno mazito. Mtoto alibeba kinanda chake akaondoka, na tangu hapo wawili hao hawakupigiana simu.

Asubuhi moja Mchungaji aligonga mlango wa ofisi ya Kitenzi akiwa na vikombe viwili vya chai. Alikaa bila kusubiri kukaribishwa.

"Mwalimu," alisema, "hawa wanafunzi tumeshawafundisha kugombana, na wamefaulu. Sasa tuwape kazi ya kutupatanisha."

Alikuwa amefikiria igizo. Wao wawili wawe mume na mke, na wanafunzi waje mmoja mmoja kuwashauri. Mume awe amekosana na mwanawe, mke awe katikati, anavutwa huku na huku. Nyumba kama hiyo, alisema, haikosekani mtaa wowote. Hakuwa anajua lolote la nyumbani kwa Kitenzi, maana Kitenzi hakuwa mtu wa kuanika ya ndani kwake. Mzee wa watu alitaka kukataa, lakini kukataa kungehitaji sababu, na sababu ndiyo hasa asingeweza kuitaja. Akanywa chai yake, akakubali.

Siku ya igizo madawati yalisukumwa ukutani, viti viwili vikawekwa katikati. Mchungaji alijifunga kitambaa kichwani, akaanza kulalamika kwa sauti ya mke aliyechoka, darasa zima likavunjika mbavu. Kitenzi aliketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mwanafunzi aliyewahi kuwa polisi, na jina lake chuoni lilikuwa Afande. Hakukaa. Alisimama mbele ya Kitenzi akamshushia aya mfululizo kuhusu wajibu wa baba, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Akafuata mwingine waliyemwita Wakili kwa kupenda kubishana. Huyu aliijenga hoja yake kutoka barua za mitume, hatua kwa hatua, na hata kitenzi alikiweka mahali pake.

Mwanzoni Kitenzi alikuwa anawapa maksi kimoyomoyo. Halafu maksi akaziacha. Walichosema kilikuwa kweli tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, sentensi kwa sentensi, na sasa zilimwangukia kifuani zikamwacha na uchungu uleule aliokuja nao, tena na hasira juu yake.

"Mnanieleza ninayoyajua," alisema, na sauti haikuwa ya kuigiza. "Hakuna hata mmoja anayeniuliza kitu."

Wakili akarudi kwenye kiti chake. Kisha binti mmoja aliyezoea kukaa dirishani, asiye na maneno mengi, alisogeza kiti chake mpaka karibu na mzee, akakaa. Hakufungua kitabu. Alisubiri kidogo, kisha akamuuliza huyo kijana anafanya kazi gani.

"Anapiga kinanda," alisema Kitenzi.

"Nani alimfundisha?"

Kitenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi," alisema. "Kanisani. Nilimkalisha kwenye kinanda cha kukanyaga akiwa bado miguu haifiki chini. Alikuwa ananiambia, baba, wewe bonyeza kwa miguu, mimi nitapiga kwa mikono."

Hakuna aliyecheka. Darasa lote lilikuwa limeelewa kwamba igizo limekwisha. Binti hakusema chochote, aliendelea tu kukaa pale. Mchungaji alifungua kitambaa kichwani taratibu, akawaambia wanafunzi waende kunywa chai.

Walipobaki wawili alimwomba radhi. Laiti angejua, alisema, angechagua habari nyingine kabisa.

"Ungejua ungenionea haya," alisema Kitenzi, "na mimi ningeendelea kusahihisha mitihani kule nyuma." Akakitazama kiti kilichobaki wazi mbele yake. "Yule binti ulimfundisha nini?"

"Kunyamaza."

"Hilo tu?"

"Muhula mzima uliopita, mwalimu. Na nusu ya darasa bado wanafeli."

Kitenzi alicheka mpaka akakohoa.

Chai ilipokwisha alishika chaki mwenyewe. Aliandika ubaoni aya za Afande, moja baada ya nyingine, akaeleza kila moja iliandikiwa nani, watu hao walikuwa wanapitia nini, na kwa nini mwandishi alisema vile kwao. Alimwambia Afande kwamba aya ni nzuri, ila amezipeleka kwenye anwani ya mtu mwingine. Mchungaji, akiwa upande wa pili wa ubao, aliuliza basi ni neno gani lingemfikia mzee kama huyu, na lini. Kitenzi akajibu nusu, akasita, na Mchungaji akalipokea jibu pale pale lilipoachwa akaendelea. Wakaenda hivyo, huyu akitoa na yule akipokea, mpaka kipindi kilipoisha na wanafunzi wakawa hawataki kutoka. Afande aliomba kujaribu upya. Safari hii alikaa, akanyamaza kwa bidii kiasi kwamba Kitenzi ilibidi amkumbushe kuwa kupumua kunaruhusiwa.

Jioni alimsimulia mkewe yote bila kuficha. Mama Pacha alisikiliza, akacheka, akafuta machozi, akacheka tena. Halafu naye akasema lake. Yale mazoezi ya kwaya ya akina mama aliyokuwa akiaga kwenda kila Jumamosi hayakuwa mazoezi. Alikuwa anakwenda harusini kumsikiliza mwanawe.

"Kumbe," alisema Kitenzi. "Nilikuwa najiuliza hii kwaya yenu mbona inagawa keki."

"Na Jumamosi hii tuna mazoezi," alisema mkewe. "Vaa suti."

Ukumbi ulikuwa umejaa mapambo meupe na watoto waliokuwa wanateleza sakafuni kwa soksi. Wazee hawa wawili walikaa nyuma, kwenye meza ya watu wasiowajua. Kijana alikuwa jukwaani, amenenepa kidogo, anatikisa kichwa akipiga. Alipomwona baba yake vidole viliteleza, na mwimbaji akageuka kumtazama. Alijikusanya, akaumaliza wimbo, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Njiani Kitenzi alikuwa amepanga maneno, yenye utangulizi na mwisho. Sasa akayaacha yote, akaanzia kwenye wimbo.

"Pale maharusi walipoingia," alisema, "ule wimbo uliugeuza katikati. Nani kakufundisha hivyo?"

"Nimebuni mwenyewe."

"Umebuni vizuri." Akamshika bega. "Maneno niliyokuambia siku ile hayakuwa ya baba. Nayafuta."

Kijana aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kitu, lakini mshereheshaji alikuwa anamwita kwenye kipaza sauti, watu wanataka kucheza. Akamwomba baba yake asiondoke.

"Niende wapi?" alisema Kitenzi. "Mama yako yuko katikati ya ukumbi, hatoki leo."

Na kweli hakutoka. Alicheza na bibi harusi, akacheza na mashangazi wa bwana harusi, mwishowe akamvuta na mumewe, ambaye alicheza kama alivyoketi kwenye lile igizo, wima kabisa, watu wakampigia makofi hata hivyo. Sherehe ilipokwisha, bendi ilianza kukunja nyaya. Kitenzi alivua koti akalitundika kwenye kiti, akashika upande mmoja wa spika kubwa.

"Shika chini, baba, si kwenye mshikio wake, huo umelegea."

Akashika chini. Wakainua pamoja, wakatoka kuelekea garini, baba akienda kinyumenyume na kijana akimwelekeza kushoto, kulia, ngazi hiyo.