Seva Iliyokonda

Mwaka wa tisini na sita, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Boito, lori la kwanza la majani lilikuwa likiingia saa tisa mchana. Makarani walikuwa wameshaketi mbele ya kompyuta zao, tayari kuingiza kilo za wakulima. Nyuma ya kioo ilisimama seva mpya, ile kompyuta kubwa inayotunza hesabu zote. Chepkorir alikuwa haitazami. Akiitazama, roho inamuuma.

Tusidanganyane, ulikuwa wivu. Yeye ndiye aliyelea hesabu hizo tangu kompyuta ya kwanza, na ndiye aliyemshauri meneja, Bwana Zacheus, anunue diski ndogo tano za kuhifadhi hesabu ndani ya seva, badala ya moja kubwa.

"Diski moja iko na mkono mmoja tu wa kusoma na kuandika," alimwambia. "Makarani wote wakiandika pamoja, itawezana? Mkono mmoja haulei mwana."

Meneja akacheka, akamtuma Kipngetich Nairobi kuchagua. Kipngetich, mtu wa juzi! Akarudi na diski moja kubwa ya gigabaiti tisa, tai mpya, na cheo alichokingoja Chepkorir miaka yote: mkuu wa kompyuta.

Jumatatu iliyofuata Chepkorir alishindwa kujizuia, akaitazama. Aliikazia macho, akasema ni nzuri kweli, na hakuitemea mate. Kwao, ukisifu ndama au mtoto unamtemea mate kidogo ya baraka, jicho lako lisimdhuru.

Kufikia Ijumaa seva ilikuwa imekonda. Mabati yalibonyea, mbavu zikahesabika, na kilo ziliingia kwa kujikokota. Malori yalipanga foleni mpaka barabarani. Fundi akapima umeme, akasema umeme uko sawa. Kipngetich akaifunika blanketi.

Priscillah, mama wa chai, aliweka birika chini akachungulia.

"Hii imepigwa na jicho," akasema. "Na mwenye jicho tunamjua."

Meneja akamwita Chepkorir. "Mama, tafadhali itemee."

"Nilisema diski tano."

"Tunajua. Wewe itemee tu."

Alitamani kukataa, iwafie mikononi. Lakini majani yalikuwa yanapata moto ndani ya magunia, na yakigeuka mekundu yatatupwa, na mengine yalikuwa ya mama yake mzazi. Akaitemea, ptu, kwa hasira. Seva ikashusha pumzi, mabati yakajaa, na kufikia chai ya saa kumi ilikuwa na kitambi. Kilo zikaingia mbio. Makarani wakampigia Kipngetich makofi.

Mwaka uliofuata, Chepkorir akiwa bado anaitwa kuitemea kila inapokonda, kiwanda kilitaka seva ya pili. Chepkorir akaenda tena kwa meneja, akaomba diski tano.

"Za nini," Bwana Zacheus akauliza, naye hakuwa na ubaya wowote usoni, "na wewe uko?"

Nje, Kipngetich alikuwa ameshapakia mkoba wake kwenye gari la Nairobi. Chepkorir akamtazama mpaka gari likapotea kwenye kona, kisha akamwomba Priscillah maji ya kunywa. Mdomo ulikuwa umemkauka, na kuanzia mwezi ujao atatakiwa kutemea seva mbili.