Pesheni za Mama Lazaro

Mwalimu Justa aliletwa Tukuyu kutoka Moshi akiwa bado msichana, akafundisha sayansi kimu mpaka akastaafu, akabaki hukohuko. Hakuolewa, na ndugu zake walikwisha kumzoea kwa kadi za Krismasi tu. Mvua ikianza asubuhi, angeweza kukaa nyumbani kwake Ibighi mpaka jioni bila kusikia sauti ya mtu, ila yake mwenyewe akifukuza kuku jikoni.

Mtu pekee aliyebisha hodi bila kuwa na shida ya kuomba alikuwa Tupokigwe, Mama Lazaro, mchuma chai wa Lufingo. Kila Jumamosi alikuja na kikapu cha pesheni zilizotambaa kwenye uzio wake. Malipo hakutaka hata kuyasikia. Justa alizikamua, akatia maji ya uvuguvugu, sukari na hamira, akafunika ndoo kwa kitambaa safi. Baada ya miezi kadhaa walichuja divai yenye rangi ya asali, wakaionja kwa kikombe kimoja huku wakibishana kama imezidi ukali.

Zikaingia siku za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Sukari ikajaa madukani, na wafanyabiashara wa Mbeya wakawa wanatafuta chochote cha kuuza. Mmoja wao, Fred, alionja divai ile kwenye harusi moja ambako Justa aliipeleka zawadi, akafunga safari mpaka Ibighi.

"Mwalimu, nipe katoni ishirini kila mwezi. Hoteli zitaigombania."

Justa akakata leseni, akachapisha lebo, akanunua mapipa ya plastiki na mizani. Pesheni zikawa zinakuja kwa magunia. Uani kukajaa wakulima, madereva na wauza chupa tupu, naye akaamini kuwa siku za kukaa peke yake zimekwisha.

Jumamosi moja Mama Lazaro alikuta wakulima watatu wamepanga foleni, akasimama nyuma yao. Zamu yake ilipofika, Justa alikuwa ameinamia daftari.

"Weka kwenye mizani."

Mama Lazaro akaweka.

"Kilo nne na nusu." Justa akanyoosha noti, akaita anayefuata. Noti hazikupokelewa. Ndipo alipoinua uso.

"Umenipima, Mwalimu," Mama Lazaro alisema taratibu.

"Jamani, mama! Sikukuona, nilikuwa na haraka..."

"Haya. Ndaga." Alishukuru kwa Kinyakyusa, kama anavyoshukuriwa muuza duka, akamimina matunda kwenye gunia lililokuwa wazi, akachukua kikapu chake na kuondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Justa alituma salamu, akaletewa jibu kwamba mama ana kazi nyingi. Mwezi wa tatu tangu siku ile alifunga shughuli zote, akaenda Lufingo na chupa mbili za divai bora.

Alipokewa vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Miaka yote alipofika pale walikaa jikoni kwenye vigoda, wakimenya ndizi na kukohoa moshi. Siku hiyo aliingizwa sebuleni. Kiti kilifutwa vumbi, kitambaa cha kufuma kikatandikwa mezani, chai ikaletwa kwenye vikombe vya wageni.

"Karibu sana, Mwalimu. Biashara inaendaje?"

"Mama Lazaro, nimekuja kuomba radhi."

"Nilishasamehe zamani. Kunywa chai, itapoa."

Alikuwa amesamehe kweli; Justa aliliona hilo usoni mwake. Akanywa. Akauliza habari za pesheni.

"Ule uzio niliung'oa. Nimesogeza chai mpaka pale."

Wakati wa kuaga, Mama Lazaro alimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, akampa mkono, akarudi. Barabarani pikapu ilisimama karibu na Justa, na dereva akamfungulia mlango wa mbele.

"Unatoka kwa ndugu, mama?"

Justa aligeuka nyuma. Ukungu ulikuwa umeshaifunika ile nyumba.

"Natoka kwa mtu ninayemfahamu," akasema, akapanda.