Hondohondo Aliyegonga Ukuta

Asubuhi ya pili tangu aletwe, hondohondo alianza kugonga ukuta, na Magdalena aliyekuwa anapepeta mtama uani akaacha ungo umponyoke.

Haukuwa ukuta wa jikoni wala wa banda la mbuzi. Ulikuwa ukuta wa chumba cha Eliana, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na surua mwaka uliotangulia akiwa na miaka tisa. Tangu walipoanua matanga chumba kile hakikufunguliwa. Udongo ulikuwa umepasuka usawa wa kitanda, ufa wa upana wa kidole, na Magdalena hakuwa na moyo wa kuuziba.

Ndege alikuwa amepewa panzi. Hakummeza. Alimshika kwa ncha ya mdomo wake mwekundu uliopinda kama mundu, akarukaruka hadi ukutani, akagonga, ko, ko, ko, kisha akamsukuma yule panzi ndani ya ufa. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Akangoja. Alipoona kimya akarudi kwa Magdalena, akamkazia macho, akidai mwingine.

Alifanya hivyo mara sita. Wa saba ndiye aliyemla mwenyewe.

"Unamlisha nani, baba?" Magdalena alimwuliza kwa sauti ndogo, ingawa jibu alikuwa nalo kifuani kabla hajamaliza kuuliza.

Ndege huyo hakuwa wake. Alikuwa wa kikundi, na kikundi kilikuwa watu watatu tu. Wa kwanza ni Mzee Damiani, aliyepunguzwa kazi kwenye reli pamoja na wenzake wengi, akabaki na kofia na mazoea ya kwenda stesheni kila asubuhi. Wa pili Hana, aliyekuwa mhudumu wa wodi miaka kumi na minne, naye akapunguzwa. Wa tatu Magdalena. Ilikuwa miaka ile ya ruksa: mitumba ruksa, magendo ya jana leo biashara halali, na wageni wenye pikapu waliingia Itigi kununua ndege na kobe walio hai. Vijana waliingia vichakani na ulimbo wakanasa kila chenye mabawa. Mnunuzi alichagua wazima. Waliovunjika aliwaacha pale pale kwenye kokoto za reli, na hao ndio Mzee Damiani alikuwa akiwaokota kwenye kofia yake.

Mji uliwacheka sana. "Madaktari wa kitoweo!" watu waliwaita. "Nyama inaumwa, nyie mnaipa uji? Itilieni chumvi ipone!" Hana hakuwa mtu wa kunyamaza. "Wewe ulipolazwa nilikupa uji," alimjibu mmoja, "na chumvi sikukutilia. Nashukuru Mungu, maana ungekuwa mchungu hata kwenye mchuzi."

Hondohondo aliletwa Jumapili, mabawa yamegandamana kwa ulimbo. Walimpaka mafuta ya alizeti, wakamsugua kwa majivu, wakamwosha kwa sabuni ya mche, wakamkausha kwa kitambaa cha shati la mtumba. Akapelekwa kwa Magdalena kwa kuwa uani kwake pana ua mrefu wa miiba na hana paka, akafungwa uzi mguuni asipotee. Na sheria ya kikundi ilikuwa moja, ya Mzee Damiani: ndege haachiwi mpaka aweze kuvuka reli zote tatu za stesheni bila kutua. Ukimwachia kabla, umempelekea mwewe chakula cha mchana.

Jumanne Magdalena alifungua chumba cha Eliana. Aliketi kitandani, gizani, mlango ameurudishia. Nje akasikia kucha zikikwaruza udongo, halafu ko, ko, ko, halafu ile ncha nyekundu ikachomoza kwenye ufa pamoja na uzi wa mwanga, ikamwachilia panzi juu ya mkeka. Panzi akapiga mateke mara mbili. Mdomo ukabaki pale, wazi kidogo, ukingoja.

"Kula, mama," Magdalena alisema kwa Kinyaturu, lugha aliyokuwa akimbembelezea mwanawe. Alisikia kama kitanda kimelia upande wa ukutani. Huenda kililia kwa uzito wake mwenyewe. Hakutazama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala mchana ule usingizi wa kushiba.

Jumatano ilikuwa zamu yake kumpeleka ndege stesheni. Mzee Damiani alikuwa ameshikwa na homa, Hana yuko shambani. Magdalena alisimama peke yake kwenye kokoto, akamrusha ndege aliyefungwa uzi mrefu mguuni. Hondohondo akapiga mabawa, akainama, akainuka, akavuka reli ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaenda kutua juu ya behewa bovu ng'ambo ya pili. Hakugusa chini hata kwa unyoya.

Magdalena akauvuta uzi, taratibu, akamrudisha.

Jioni Hana alipopita kuuliza, alimkuta anachochea moto. "Je, mgonjwa kavuka?"

"Kaangukia ya pili," Magdalena alisema. "Bawa la kulia bado linashika."

Hana alimtazama kidogo. "Basi tumwangalie mpaka Jumapili," akasema, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi akaja Laurian, mrina asali, kijana ambaye mizinga yake ilitundikwa mbali vichakani upande wa kusini. Alikuwa na desturi ya kumletea Magdalena nta, na hakuwahi kuingia uani kwa mtu bila kitendawili mdomoni.

"Shikamoo, Mama Eliana."

"Marahaba, baba. Karibu."

Laurian alimwona ndege anasukuma panzi ukutani, akaangua kicheko. "Ehe! Kitendawili!"

"Tega."

"Bibi harusi kajijengea ukuta akajifungia ndani, mume anamlisha kwa ufa."

Magdalena alifikiri huku anachambua majani ya kunde. "Mzazi aliye ndani siku arobaini."

"Siye. Huyo ana mlango, na mashoga zake wanaingia kumsengenya mkwe."

"Mahabusu."

"Mahabusu hajengi ukuta wake, mama! Umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, chukua Tabora."

"Nimekwenda Tabora kwa treni, nimekula wali kwa kuku, nimelala kitanda cha chuma, nimerudi." Laurian akanyoosha kidole. "Mwenye jibu ni huyo hapo. Hondohondo. Jike likitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, na mlango wanauziba kwa tope na mavi yao wenyewe, linabaki ufa kama huo. Humo ndani jike linanyonyoka manyoya yote ya kurukia. Halitoki hata ukilichoma moto. Dume ndilo mkono, ndilo mguu, ndilo sokoni." Akatikisa kichwa, bado anacheka. "Maskini, huyu kachanganyikiwa, kaona ukuta wako ndiyo kwake. Mmempata lini?"

Majani ya kunde yalikuwa yamemwanguka Magdalena miguuni.

"Jumapili," alisema.

Laurian akaacha kucheka. Akahesabu kwa vidole kimoyomoyo, akafika kidole cha tano, akakikunja.

"Uko mti mmoja," alisema, "karibu na mizinga yangu. Tope lake niliona likiwa bado bichi, mwezi umepita sasa. Mwingine wenye tundu kama hilo sijui upande ule."

Magdalena hakungoja zaidi. Alimshika ndege kwa mikono miwili, akahisi moyo wake unavyodunda chini ya vidole, akakata uzi kwa meno. Ndani ya chumba panzi wa siku nne walikuwa wamekauka juu ya mkeka. Alijua akifungua mikono, ukuta ule utanyamaza. Alijua pia ni nani alikuwa akisubiri, na siye aliyemdhania. Akafungua.

Hondohondo hakugeuka hata mara moja. Alipita juu ya mapaa, juu ya reli, akashika kusini.

Walimpitia Hana, naye akajifunga kanga bila kuuliza maneno mengi. Walikwenda mwendo wa saa mbili na nusu. Vichaka vya Itigi havina njia ya mtu kutembea wima. Unainama, unajipinda, unang'ang'aniwa na miiba kama mdeni. Mahali pengine Laurian alitangulia na shoka. Kila walipopumzika Magdalena alisikia ko, ko, ko, akawauliza, "Mmesikia?" Na wenzake wakatikisa kichwa, maana hawakusikia kitu.

Mara ya nne wote walisikia.

Mti ulisimama peke yake, mnene, gome jeupe. Tundu lilikuwa juu kidogo ya kimo cha mtu, limezibwa kwa tope kavu, katikati ufa mweusi. Hondohondo alikuwa ameshikilia gome kwa kucha, mdomoni ana panzi. Aligonga. Akangoja. Akamsukuma panzi ndani, akabaki mdomo mtupu kidogo, halafu panzi akaporomoka nje. Ndege akaruka kutafuta mwingine.

Chini ya mti, kwenye majani, palikuwa na lundo. Panzi, jongoo, mjusi mdogo, nondo bila mabawa. Hana alihesabu akafika thelathini akaacha.

"Amekufa," alisema Hana.

"Fungua," Magdalena akamwambia Laurian.

Laurian akarudi nyuma hatua moja. "Mama, baba yangu alikataza. Alisema mwenye kubomoa nyumba ya hondohondo, yake haitasimama."

"Yangu imeshaanguka. Nipe hilo shoka."

Alipanda juu ya gogo, Hana akamshika kiuno. Hakupiga, alikwangua kwa ncha, kidogo kidogo, tope likimwagikia usoni, mpaka mkono ukaweza kuingia. Ndani mlikuwa na joto na harufu nzito. Vidole vikakuta manyoya mengi, makavu, yamelala kama majani ya kitanda. Chini yake kukawa na kitu chenye mifupa, kikajikunja.

"Yu hai!"

Alimtoa. Jike lilikuwa jepesi kama kikapu kitupu, mabawa yamenyonyoka yamebaki vijiti, jicho moja limefumba. Lilijaribu kumdona, mdomo ukaanguka njiani. Hana akalipokea kwenye kanga, akachovya kidole kwenye maji ya kibuyu, akaliwekea tone pembeni mwa mdomo, na tone jingine, kama alivyofanya wodini. Akasaga panzi mlaini kwa kucha. Jike likameza. Likangoja kitambo, likameza tena.

Magdalena alirudisha mkono ndani. Akatoa kinda moja, uchi, kubwa kama kidole gumba, likafunua kinywa bila sauti. Akatoa la pili. La pili lilikuwa baridi.

"Huwa wanatotoa wangapi hawa?" aliuliza.

"Wanne," alisema Laurian, "au watano."

"Wengine wako wapi? Tundu tupu."

Laurian aliangalia miguu yake. "Njaa ikizidi, mama mtu humlisha mkubwa wale wadogo. Usiniulize tena, mama yangu."

Magdalena aliligeuza lile la baridi kiganjani. Lilikuwa bado linakunjika shingo. "Hili limekufa lini?"

"Jana. Au leo alfajiri."

Walirudisha jike na kinda lililo hai. Laurian alileta udongo wa kichuguu, Magdalena akaukanda kwa maji na mate, akaziba mlango kama anavyokandika nyumba, akilainisha kwa kidole, akiacha ufa. Kazi hiyo aliijua. Kisha Laurian akawavuta nyuma ya kichaka wakajibanza, kwa kuwa dume halikuthubutu kukaribia likiwaona.

Lilikuja. Liligonga. Hakuna kitu. Liligonga tena, likasukuma panzi, na safari hii panzi hakuanguka. Ncha ya mdomo uliopauka ilikuwa imemshika kwa ndani, ikavuta, ikapotea.

Laurian alipumua kwa kelele. Hana alicheka na machozi. Magdalena peke yake alikuwa ameketi chini, kinda lililokufa katika pindo la kanga.

"Hana," alisema. "Jumatano alivuka reli zote tatu. Hakuanguka."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Bawa nililiosha mwenyewe. Halikuwa na ulimbo tena." Hana alikaa karibu naye. "Na nikiwa nje ya chumba nilikusikia unazungumza na mtoto, Jumanne nilipopita. Nikasema, siku mbili tatu zitamdhuru nani? Nikanyamaza. Basi tumo wote wawili, mwenzangu."

Laurian alikita shoka ardhini, akasema waondoke, jua linapinduka. Alinyoosha mkono apokee kile kilichokuwa kwenye kanga akakitupie siafu, ndivyo ilivyo kazi ya pori. Magdalena alikataa. Alichimba kwa vidole chini ya kichuguu, shimo dogo la kutosha yai, akakilaza, akafukia. Kisha akakaa kitambo, midomo inatembea.

"Unamwombea?" Laurian aliuliza kwa upole.

"Nilikuwa natafuta jina la kumwita," alisema Magdalena. "Nimelikosa."

Akainuka, akajipangusa udongo magotini, akaingia kichakani wa kwanza, ameinama.