Wakili wa Ilpo

Aulikki Tolvanen alikuwa amewatangazia wote gereji kwamba anaachana na mumewe bila wakili, na Aulikki akishasema amesema. Miaka ishirini na saba alikuwa akiendesha greda la kuondoa theluji barabarani, na hakuna mwanamume pale mjini Varkaus aliyethubutu kumfundisha kurudi nyuma.

"Wakili wa nini?" aliwauliza wenzake, kikombe cha kahawa mkononi. "Watoto hatuna. Ugomvi hatuna. Fomu tumejaza wenyewe mezani, na hata sababu hawaulizi. Nimlipe mtu anisomee ninachokijua?"

"Subiri mzee aanze kudai mashua," dereva mmoja akamchokoza.

"Inavuja. Aichukue na maji yake!"

Wakacheka, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujigamba. Yeye na Ilpo, mwalimu mstaafu wa useremala, walikuwa wameoana miaka thelathini na mitatu. Hawakuchukiana, walichokana tu. Ilpo alitaka mji, maktaba na kwaya yake. Aulikki alitaka ziwa na kimya. Mwezi Desemba wakapeleka ombi la pamoja mahakamani, wakapewa miezi sita ya kutafakari kama wanavyopewa wote. Miezi hiyo ikipita unapeleka ombi la pili, na talaka inatoka. Ukizembea hadi mwaka upite, unaanza upya. Aulikki alikuwa ameizungushia tarehe wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni.

Mali waligawana ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, Jumamosi moja, wakitoka jasho.

"Fleti ya mjini yako," alisema Aulikki akiyamwagia mawe maji. "Nyumba ya ziwani yangu."

"Yako," alisema Ilpo. "Si baba yako aliijenga?"

Yakaishia hapo. Neno lililosemwa sauna watu wa kule hawaliandiki. Ukiliandika ni kama umemwambia mwenzako humwamini. Na nyumba ile ya magogo, vyumba viwili na gati lake, ndiyo Aulikki aliyokuwa akiiwaza kila alipoamka saa tisa usiku kwenda kusukuma theluji ya watu. Alikuwa anastaafu Septemba, na alikwishaapa kwamba akihamia pale hahami tena.

Juni ilipofika, mdogo wake Marjukka akaanza kumsumbua. "Dada, andikeni hata kikaratasi. Bila karatasi utakuja kulia."

"Haya, ili unyamaze."

Basi Aulikki akaandika mistari minne kwa mkono wake. Jumamosi hiyo, baada ya sauna, yeye na Ilpo, na Marjukka na mumewe, wakakaa barazani ziwani, taulo viunoni na mabegani, soseji zikichomwa. Marjukka na mumewe wakatia saini kama mashahidi. Kalamu ikamfikia Ilpo. Akaisoma ile karatasi, akaisoma tena.

"Kumbe tumeshaamua?" akauliza. "Mimi nilidhani nyumba hii bado tunaijadili."

Marjukka akaangua kicheko. "Mzee ana mzaha huyu!"

Aulikki hakucheka. Alimjua Ilpo akitania na alimjua asipotania. Alimtazama mumewe akitia saini harakaharaka, kama mtu aliyekamatwa.

Asubuhi yake akamkuta gatini. "Ilpo. Una nini?"

Ilpo akatazama maji. "Walinipima mwezi wa nne. Ni ugonjwa wa kusahau, ndiyo kwanza unaanza." Akajaribu kutabasamu. "Mahakama imenipa miezi sita ya kutafakari, na kitu cha kutafakaria ndicho kinachonitoka."

"Na hukuniambia!"

"Ungeahirisha talaka. Nakujua wewe. Ungejigeuza nesi wangu, tukachukiana kwelikweli. Niliamua nikiwa na akili zangu, Auli, usinirudishe nyuma."

Aulikki alimtukana. Alimtukana vizuri, kwa matusi ya gereji, machozi yakimtoka, kisha akaketi kando yake.

Jumatatu akaenda kwa wakili, yeye aliyewacheka wote. Heini Vepsä alikuwa mama wa makamo mwenye miwani kichwani na nyingine puani. Alisikiliza habari za ugonjwa wa Ilpo, akaisoma karatasi ya mistari minne, akaiweka mezani taratibu.

"Mashahidi hawa ni nani?"

"Mdogo wangu na mumewe."

"Basi haina nguvu. Shahidi asiwe ndugu wala shemeji. Halafu kuna kubwa zaidi, mama. Mlipooana mliandikiana kwamba kila mtu na chake?"

"Tulikuwa tunapendana. Tuandikiane nini?"

"Kama hamkuandikiana, nyumba ya ziwani inaingia kwenye hesabu ya mgawanyo, hata kama ni ya urithi. Ina thamani kubwa kuliko fleti. Bwana Ilpo akidai sawa kwa sawa, sheria inampa. Akikubali uichukue yote, sheria haimkatazi. Ila iandikwe sawasawa, angali anaelewa anachosaini."

"Kwa hiyo ilinipasa nije kwako tangu Desemba."

"Ah, fomu zile hazihitaji wakili, hilo hukukosea. Kama hamna watoto wadogo, hamgombani, na nyote wawili mnaelewa mnachoachiana, okoeni pesa zenu. Sisi tunahitajika kunapokuwa na ardhi, au mmoja anapojua zaidi ya mwenzake." Akavua miwani moja. "Naweza kuandika hati leo. Umlete kesho. Atasaini?"

Aulikki alijua jibu. Ilpo angesaini chochote ambacho angemwekea mbele, na kwa haraka ileile, ili asionekane amesahau. Nyumba ilikuwa mkononi mwake, lililobaki ni kufunga kiganja tu. Na hapo ndipo alipojiona, mwanamke wa miaka sitini na moja, akimshikisha mgonjwa kalamu. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Hapana," akasema. "Wewe uwe wakili wake yeye."

"Siwezi. Nimeshakusikiliza wewe."

"Nitajie mwingine. Atakayempigania."

Heini alifikiri. "Yuko Harjula, kule Pieksämäki. Mbishi, hana haya, mawakili wenzake hawampendi. Akishika upande wa mtu haachii. Lakini mama, huyo atamwambia wazi kwamba anaweza kukutoa kwenye ile nyumba."

"Huyohuyo."

Usidhani roho hiyo ilimjia kirahisi. Wiki nzima hakulala. Marjukka alipopata habari alimpigia simu akipiga kelele: "Umerogwa? Unamlipia adui yako silaha?" Aulikki akamjibu kwamba Ilpo si adui, akakata simu, kisha akakaa na wasiwasi wake peke yake, maana mdogo mtu hakuwa amekosea sana.

Siku ya miadi akampeleka Ilpo kwa gari lake, na Heini akaja vilevile. Harjula alikuwa mzee mrefu, mkavu, na hakumpa Aulikki hata mkono. Alikaa na Ilpo faragha saa nzima, akasoma barua ya daktari, ndipo akamwita Aulikki na Heini waingie.

"Nimemweleza mteja wangu," akasema. "Haki yake ni sawa kwa sawa. Nyumba ya ziwani inaweza kuuzwa kama hakuna njia nyingine. Mimi nimemshauri adai, na nasema hivyo mbele yako, mama, kusudi usije kusema hukuambiwa." Akamgeukia Ilpo. "Bwana Tolvanen, amua. Nyumba ile ni ya nani?"

Ilpo alimwangalia Aulikki. "Tulikubaliana nini, Auli?"

"Usimjibu," Harjula akasema papo hapo.

Aulikki akafumba mdomo. Maneno mawili tu yangetosha, na yalikuwa yamemjaa mdomoni, ila aliyabana kwa meno. Ilpo aliendelea kumwangalia, akitafuta usoni pake kitu cha kusoma. Aulikki akageuza uso akatazama ukuta.

Heini alikohoa.

"Sikumbuki," akasema Ilpo mwishowe. "Mahali naona, na mvuke nauona. Maneno siyapati."

Moyo wa Aulikki ukamshuka.

"Lakini najua nilisema nini," Ilpo akaendelea.

"Umejuaje kama hukumbuki?" akauliza Harjula.

"Kwa sababu aliyesema ni mimi. Nyumba ya baba yake niitakie nini? Ugonjwa wangu ni wa kusahau, bwana wakili, si wa tamaa. Andika, ni yake."

"Unaelewa kwamba unaacha haki yako?"

"Umenieleza mara tatu. Hiyo bado ninayo kichwani."

Harjula alimtazama sana, kisha akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza uso wake mkavu ukalegea. Akawaomba karani wake na fundi saa wa chumba cha jirani waje kushuhudia, watu wasiohusiana na Watolvanen hata kwa jina.

"Ngoja," akasema Aulikki. Sauti ilimtoka kubwa, ile ya barabarani. "Ongeza. Ilpo ana haki ya kuja pale ziwani siku yoyote, maisha yake yote, na kulala. Hata nikiiuza, hata nikiolewa na mfalme."

"Sheria haikudai hilo," akasema Heini, wakili wake mwenyewe. "Sikushauri."

"Sikuuliza sheria."

Harjula akaandika. Ilpo alikuwa akiufuata wino kwa macho, midomo ikisoma neno baada ya neno, safari hii bila haraka.

"Na nikisahau njia?" akauliza.

"Nitakufuata."

"Na nikisahau wewe ni nani?"

Aulikki akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamgeukia Harjula. "Andika na hilo, wakili," akasema. "Kwamba atafuatwa."