Ruhani Aliyetaka Mlango

Hivi wewe umewahi kuingia chooni mkono mmoja umeshika kopo la maji, mkono wa pili umekamata kiroba kisipeperushwe na upepo, huku unakohoa kohoa ili mpita njia ajue humo ndani kuna mtu? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Zabibu wa Bungu alikohoa hivyo miaka kumi na sita.

Na mumewe, Yassin, ni fundi seremala! Milango ya mninga, milango ya mkongo, mingine ina maua ya kuchonga, yote imeegemezwa barazani ikiwasubiri wenyewe kutoka Kibiti. Choo cha nyumbani kwake, badala ya mlango, kina kiroba cha pumba chenye picha ya jogoo, na jogoo mwenyewe kafifia, kabaki kilemba na mguu mmoja.

Utasema, si angemwambia? Angemwambiaje? Zabibu alilelewa kwamba mke mwenye haya hasemi nataka. Ila kichwani alikuwa na ruhani, na ruhani yule haya hana. Kila akimpanda, aliitwa mganga, Bi Mwanaharusi, mtu mzima na chetezo chake cha ubani, akakaa mkekani akauliza maswali yake matatu kwa utaratibu: Wewe nani? Watoka wapi? Wataka nini? Hapo kwenye la tatu ndipo ruhani anataja. Kitanda cha sita kwa sita alikitaja ruhani. Kabati la vyombo, ruhani. Hata mbuzi ya kukunia nazi, ruhani. Yassin alitengeneza vyote, maana ruhani hakataliwi.

Mwaka huu Bi Mwanaharusi akashikwa na magoti, mwanawe akamchukua akakae naye Mohoro. Na ndio kwanza posa ya Hanifa, binti yao, imekubaliwa. Wakwe wanatoka Mahege Jumapili kuja kujitambulisha. Zabibu akimfikiria mama mkwe wa Hanifa, na baibui lake la kutokea, akikohoa nyuma ya jogoo, chakula hakipiti.

Jumatano asubuhi akaanza kutetemeka jikoni, upawa mkononi.

"Mimi ruhani! Niitieni mkubwa aje aniulize!"

Yassin akaweka randa chini. Naye alishamchoka ruhani mwenye vipimo. "Bi Mwanaharusi hayupo, mke wangu. Lakini pale karibu na gulio kuna mchungaji kapiga turubai, Mchungaji Anyosisye. Anatoa mapepo mchana kweupe. Nasikia haulizi mengi."

"Kwa Wakristo, baba Hanifa?" Ruhani alisahau kutetemeka. "Ruhani wangu Mwarabu!"

"Basi akikataa atasema mwenyewe. Vaa viatu."

Wakaenda. Yassin alivuta kofia mpaka kwenye nyusi asije akaonwa na watu wa msikitini. Kufika pembeni mwa turubai akakutana uso kwa uso na Mudy, yule anayeswali safu ya kwanza, na sinia la korosho kichwani.

"Mimi nauza tu, fundi," Mudy akawahi.

"Na mimi nasindikiza tu."

Mchungaji Anyosisye alikuwa mwembamba, koti limemzidi mabega, sauti imekauka kwa kazi ya siku tatu. Pembeni walisimama akina mama wawili na kanga za kuwafunika miguu wanaoanguka. Zabibu akaanguka vizuri, upande wenye mkeka.

"Wewe nani?" mchungaji akanguruma kwenye kipaza sauti.

Moyo wa Zabibu ukatulia. Kumbe huyu naye kazi anaijua! "Ruhani!"

"Umetoka wapi?"

"Mohoro, mtoni!"

Akajiweka sawa, la tatu lije.

"Kwa jina la Yesu, TOKA!"

"Moto! Moto!" watu wakaitikia, viti vya plastiki vikalia.

Zabibu akafumbua jicho moja. "Bado swali moja," akanong'ona.

"Nyamaza!"

"Limebaki la mwisho, baba mchungaji."

"Pepo habembelezwi! Pepo anaamriwa! Toka!"

Wakaanza upya. Mara nne. Kila mara nani, kila mara wapi, kila mara toka. Mchungaji aliloa jasho mpaka tai ikamganda kifuani, na kiuno cha Zabibu kikaanza kuuma kwelikweli. Mudy uvumilivu ukamwisha.

"Muulize anataka nini, baba! Huku ndivyo tunavyofanya!"

"Asiulizwe!" Yassin akadakia, mbio mbio.

Zabibu pale chini akamsikia. Alivyolidakia neno lile, si mtu anayemwogopa ruhani. Ni mtu anayejua vizuri kitakachotajwa. Kumbe siku zote anajua! Zabibu akaacha kutetemeka, akalala kimya na kanga za watu miguuni.

"Ametoka!" mchungaji akatangaza. Turubai zima makofi, na aliyepiga kuwashinda Wakristo wote ni Yassin.

Lakini wenzetu nao wana utaratibu wao. Kwao aliyefunguliwa hajiondokei hivihivi. Huinuliwa, hukung'utwa vumbi, hupewa kipaza sauti ashuhudie. Na maspika yalikuwa mawili, makubwa kama makabati, yameelekezwa barabarani, abiria wa mabasi ya Lindi wasikie, na wauza mihogo wasikie.

"Mama, pepo hayupo tena," mchungaji akasema kwa upole, anajifuta shingo. "Sasa sema wewe mwenyewe."

Zabibu akamtafuta ruhani kichwani, hakumkuta. Akakohoa, kikohozi kilekile cha chooni, kikasikika mpaka gulioni. Yassin akaanza kutikisa kichwa taratibu, kofia mkononi.

"Mimi Zabibu binti Mohamedi," akasema, "mke wa Yassin seremala. Nataka mlango wa choo. Wa mninga. Wenye komeo kwa ndani. Kabla ya Jumapili."